Waliopita Ndani ya Mlima

Katika mji ule kila nyumba ilikuwa na anga lake. Si lile la nje. La nje watu walishaacha kulitazama tangu zama za babu zao, na aliyetaka kujua kama mvua inanyesha alitoa mkono dirishani akaurudisha. Anga lenyewe lilikuwa chumbani, ndani ya mtambo wa kuigizia urubani: kiti kimoja, usukani, kanyagio za miguu, na vioo vilivyomzunguka mwenye kukaa. Ukikaa, unaruka. Ukiinuka, dunia yote uliyokuwa ukiirukia inakoma, wala hapatokei mtu wa kulalamika. Mwalami aliurithi mtambo wake kwa baba yake, na baba yake aliurithi kwa babu, na wote walijulikana mtaani kwa sifa moja, kwamba ni wanaume wasiopenda wageni.

Kwa Mwalami anga lile halikuwa mchezo, na ole wake aliyeliita mchezo mbele yake. Lilikuwa milki. Humo jua lilikaa pale alipoliweka, naye aliliweka asubuhi, saa ile mwanga unapopita chini ya mabawa, likakaa hapo miaka nenda miaka rudi bila kuchoka. Upepo ulivuma akitaka. Mito ilikwenda alikoielekeza. Hapakuwa na rubani mwingine, hapakuwa na abiria, na sauti iliyomjibu kutoka mnara wa kuongozea ndege ilikuwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi ujanani, ikimruhusu kila alichoomba. Je, mtu aliye peke yake duniani ni mfalme wa dunia hiyo au mfungwa wake? Swali hilo lilimjia mara chache, kwa kawaida akiwa juu sana, mahali ambapo injini inanguruma na mtu hasikii vizuri anachojiuliza. Alijijibu kwamba mfalme na mfungwa wote wana mlinzi mlangoni, na yeye hana; basi si huyu wala si yule. Jibu lilimtosha, akaendelea kuruka.

Na kulikuwa na kitufe. Kitufe chekundu karibu na goti la kulia, cha kusimamisha. Mwalami akikibonyeza, ndege ilining'inia angani, mawingu yakasimama, na ajabu ya nyumba ile ni kwamba nyumba nayo ilisimama. Nzi alikwama hewani juu ya bakuli la sukari. Mkewe Kidawa, aliyekuwa mlangoni akimwambia jambo, alibaki kinywa wazi katikati ya neno. Mwalami akifikiri jibu lake kwa raha zake, akiridhika nalo, alibonyeza tena. Chai ilikuwa bado ya moto, na Kidawa alimalizia sentensi yake pasipo kujua kwamba alikuwa amesimamishwa. Hivyo ndivyo Mwalami alivyoamini, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Mwanzoni hapakuwa na mlango uliofungwa baina yao. Siku za fungate Kidawa alikaa naye kwenye kiti kile kile, nusu kitini na nusu hewani, wakicheka kila ndege ilipoinama. Halafu Mwalami akapata wazo la zawadi. Wengine huwapa wake zao khanga na pete. Yeye angempa mlima. Akafunga mlango ili mkewe asije akauona kabla haujawa tayari, akaanza kuuinua, tuta kwa tuta, jabali kwa jabali, katikati ya uwanda mtupu ng'ambo ya mto. Akauwekea msitu miguuni na theluji kichwani. Akauita Mlima Kidawa. Lakini mlima wa kujitengenezea mwenyewe hauishi. Leo jabali limekaa vibaya, kesho bonde linataka ukungu kidogo. Kila Kidawa alipogonga alijibiwa bado, na kila alipojibiwa bado alirudi jikoni. Miaka ilipita pale mlangoni. Mwalami hakuiona ikipita, kwa sababu upande wake ilikuwa asubuhi.

Kidawa aliomba jambo moja tu. Mjini lilikuwa limejengwa Anga la Wote. Lilikaa ndani ya seva, mtambo mkubwa uliowekwa katika jumba lisilo na madirisha, na yeyote aliyevuta waya kutoka kwake mpaka pale aliweza kuruka pamoja na wengine, wakionana, wakisemeshana redioni. Nyumba moja baada ya nyingine ziliunganishwa, mpaka ikawa mtu asiyeunganishwa anaulizwa kama anaumwa.

"Mume wangu, na sisi tuunganishe," alisema Kidawa akiwa amesimama mlangoni. "Wewe utakaa kwako, mimi nitakaa kwangu, turuke ubavu kwa ubavu."

Mwalami alibonyeza kitufe. Akamtazama amesimama vile, akafikiri kwa muda alioutaka, kisha akabonyeza tena na kumjibu kwamba anga lake halina nafasi ya wawili. Kidawa aliitikia haya, akaenda zake.

Yote haya yangeendelea hivyo mpaka mmoja wao afe, lau si chai. Siku moja, baada ya kusimamisha na kufungulia kama kawaida, Mwalami alinyanyua kikombe akakuta chai imepoa. Alionja tena, maana mtu hukubali haraka kwamba ulimi wake ni mgonjwa kuliko kukubali kwamba utawala wake una ufa. Ilikuwa baridi kabisa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akatoka, na kutoka stoo, palipowekwa ndoo na magunia ya mchele, akasikia mkewe akicheka. Kilikuwa kicheko cha zamani, kile cha kwenye kiti kimoja. Kisha Kidawa akasema, kwa sauti laini ambayo Mwalami alikuwa ameisahau, "Nisubiri basi. Haya, twende." Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti chakavu, hedfoni masikioni, kioo kimoja mbele yake, na waya ukitokea dirishani kuelekea mjini.

Mtu mwingine angeingia akauliza. Mwalami hakuuliza. Mwenye wivu haulizi, kwa kuwa jibu analo tayari na anaogopa kupewa jingine. Alirudi chumbani kwake akinyata katika nyumba yake mwenyewe, roho ikimwuma, kijiba kimemkaa, akirudia kimoyomoyo yale ya wahenga: kikulacho ki nguoni mwako. Aliyarudia kwa kumfikiria mkewe. Hakufikiria kwamba nguo alizivaa yeye.

Nisubiri, kasema. Nani anayesubiri? Mtu hasubiriwi na upepo. Yupo mtu. Ana mabawa, ana mkono juu ya usukani, ana nafasi. Mimi nimempa mlima. Huyo kampa nini? Kampa kusubiri. Kusubiri kila mtu anaweza, hata jiwe linasubiri. Twende, kasema. Waende wapi? Kicheko kile nilikijua mimi, kilikuwa changu, nilikiacha mahali salama. Nani kakichukua? Nani kampa ufunguo?

Akamwita fundi Nyamizi, akamwingiza kwa mlango wa uani. Nyamizi alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mabunda ya waya begani na karanga mfukoni, na alikuwa ameunganisha nusu ya mji bila kukumbuka jina la mteja hata mmoja. Alifanya kazi huku akitafuna na kueleza mambo ambayo Mwalami aliyasikia kwa sikio moja. Kitufe kile chekundu asahau. Anga la Wote halisimami kwa ajili ya mtu. Jua nalo ni la wote, litachomoza na kuzama kwa saa yake. Halafu kuna hili la ndege. Mtambo wa Mwalami haukuwahi kuona ndege nyingine, kwa hiyo haukujua maumbo ya wengine. Kila rubani atakayekutana naye kule, mtambo utamvika umbo la ndege pekee unayoijua, yaani hiyo hiyo ya Mwalami.

"Usije ukashtuka," alisema Nyamizi. "Utawaona wote ni wewe."

Mwalami aliuliza kuhusu mlima, na aliuliza kwa sauti ya chini. Watu wakifika uwandani watauona? Fundi alitikisa kichwa, akatema ganda la karanga kiganjani.

"Seva inabeba watu, haibebi milima," alisema. "Kila mtu anakwenda na ardhi yake. Ulichojenga kimo humu kwako. Kwa mwenzako pale ni patupu."

Hilo Mwalami alilisikia kwa masikio yote mawili ila hakuliamini. Mlima mkubwa vile utapotelea wapi? Aliona fundi anasema kama mafundi wanavyosema, ili kazi ionekane ngumu. Akaulizwa jina la kuingilia, akasema aandikwe Mpita Njia. Nyamizi akaacha kutafuna. Alimweleza kwamba kule mtu akiingia hupiga hodi redioni na kutaja jina lake, na wenzake humwitikia karibu, ndiyo desturi. Asiyepiga hodi hakatazwi, lakini kila mtu anajua amekuja kufanya nini. Mwalami akamwambia achomeke waya.

Waya ulipoingia kwenye soketi, asubuhi yake ya miaka yote ilisogea ghafla mpaka alasiri, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Mwalami akahisi magoti yakimwuma. Akajitazama kwenye pembe ya kioo palipokuwa na giza, akaona mvi ambazo hakukumbuka kuziota, na mikunjo miwili kandokando ya mdomo. Alitafuta kitufe kwa goti, akakibonyeza, akakibonyeza tena. Mawingu yalijiendea. Basi akajikaza kisabuni, akaiinua ndege.

Penye wengi pana mengi. Anga lilikuwa limejaa, na lilikuwa limejaa yeye. Ndege ile ile ya samawati yenye mstari mweupe ilipaa, ilitua, ilikata kona, ilimpita juu na chini, kila moja ikiwa na mchubuko ule ule mkiani ambao baba yake aliuacha alipotua vibaya. Kutoka ndani ya mwili wake zilitoka sauti za watu asiowajua: mwanamke akiulizia njia, mzee akikohoa na kuomba radhi kwa kukohoa, vijana wawili wakibishana nani kamkata mwenzake. Mtu aliyezoea kuwa mmoja akijiona amekuwa wengi, hawi mkubwa zaidi. Anagawanyika, na kila kipande kinakwenda na shughuli zake bila kumuaga. Kama wote wale walikuwa yeye, yeye alikuwa yupi? Huyu aliyeshika usukani? Na wale hawakushika? Mwalami aliishi miaka mingi bila mtu wa kumwambia yeye si nani, ndipo sasa akagundua kwamba kuambiwa hivyo ndiko kunakomfanya mtu awe yeye. Lakini hakuja kwa ajili ya falsafa. Alikuja kwa ajili ya sauti moja, na mara akaisikia.

"Mimi Kidawa, niko juu ya mto, naelekea uwandani."

Aliwakuta hapo. Walikuwa wawili, ubavu kwa ubavu. Kwa macho zilikuwa ndege mbili za Mwalami. Kwa sauti moja ilikuwa mkewe, na nyingine haikuwa na sauti. Alijiweka nyuma yao kwa mbali, mahali ambapo mtu anaona bila kuonekana, akamchunguza yule asiye na sauti. Aliona gere kwa kila kitu chake. Rubani yule hakuwa na haraka. Aliipeleka ndege kwa mkono mwepesi, wa mtu anayejifurahisha na anayejua kwamba kuna mwingine anafurahi. Penye kona ya mto alizunguka taratibu, akazunguka tena, mpaka Kidawa alipomfikia. Ndipo akainamisha bawa moja kisha jingine, salamu ya watu waliozoeana, na Kidawa akacheka kile kicheko. Mwalami aliujua ujuzi anapouona, na aliona kwa uchungu kwamba huyu anaruka vizuri kumshinda yeye.

Mbele yao ulikuwa mlima. Jua la alasiri lilikuwa limeipiga theluji, na Mwalami, pamoja na uchungu wake wote, aliona fahari, kwani haukuwahi kupendeza hivyo. Sasa atauona, alijisemea. Sasa atajua nani kampenda. Zile ndege mbili hazikugeuka. Alisubiri zigeuke, zikakaribia, akaona kila mti alioupanda ukipita chini ya matumbo yao, na bado hazikugeuka. Alisahau kwamba amekuja kwa siri, akataka kupiga kelele redioni, kidole kikakwama kabla ya kufika kwenye kitufe cha kusemea. Bawa la mkewe likaingia jabalini bila sauti. Halafu mwili wote, halafu mkia. Na yule mwingine naye, ubavuni pake, wakazama ndani ya mlima kwa utulivu wa watu wanaoingia chumbani kwao.

Wamo ndani. Mwalami hakuweza kuwafuata, kwa maana kwake jabali lilikuwa jabali, na ndege yake ingevunjika. Ilimbidi auzunguke mlima wote, bonde kwa bonde, kwa njia ndefu aliyoitengeneza mwenyewe ili mgeni asifike upesi. Watu wengi wamewahi kusimama nje ya mlango wakisikiliza. Yeye alisimama nje ya zawadi yake. Alipokuwa akizunguka alijiuliza uzito wa kitu unakaa wapi, ndani ya kitu au ndani ya mgongo wa anayekibeba. Na kama unakaa mgongoni, basi miaka yote ile alikuwa amembebea Kidawa mzigo ambao Kidawa hakuwahi kuuona, kisha akamkasirikia kwa kutosema ahsante. Wazo hilo lilimpitia haraka na angeweza kulishika. Wivu ulikuwa na mikono mirefu zaidi, ukalitupa. Alipotokea upande wa pili wale wawili walikuwa wameshatoka, wazima, na Kidawa alikuwa akiongea redioni.

"Naupenda uwanda huu," alikuwa akisema. "Hauna kitu kabisa. Macho yanapumzika."

Damu ilimchemka Mwalami. Aliziba kipaza sauti kwa pindo la shati ili asitambulike, akabonyeza kitufe cha kusemea, akauliza yule aliye kulia kwa Kidawa ni nani. Hakujibiwa. Akauliza tena, kwa ukali. Aliyejibu alikuwa Kidawa.

"Mwache," alisema. "Huyo hasemi."

"Kwa nini hasemi?"

"Nimemzoea hivyo hivyo."

Angekuwa amemtukana ingekuwa nafuu. Kwake yeye Mwalami, mke huyu huyu alikuwa akilalamika kila siku kwamba hasemi, mpaka akalichukia neno lenyewe. Na bubu mmoja wa angani anazoewa hivyo hivyo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba pahala pa wengi hapakosi mwenye kupalinda. Anga la Wote lilikuwa na Bawabu. Hakuna aliyejua anakaa wapi au ana umri gani; alikuwa sauti iliyosikika ukimwita, na sheria yake ilikuwa fupi. Mwenye kuitwa na akaitika ni mtu. Mwenye kuitwa na asiitike ni ndege tupu, na ndege tupu huondolewa, zisije zikajaa na kuwazuia walio hai. Mwalami akamwita, akamshitakia kwamba juu ya uwanda kuna ndege isiyojibu.

Bawabu alimuuliza kama ana hakika. "Anayeondolewa hapa harudi," alisema. "Hatuna mahali tunapowaweka waliotoka."

"Nina hakika," alisema Mwalami, na kwa mara ya kwanza tangu chai ipoe alijisikia vizuri.

Bawabu akaita. Anga lote likanyamaza, hata yule mzee akazuia kikohozi chake. Akaita tena. Ndipo Kidawa akaingilia, na sauti yake haikuwa laini wala haikucheka. Alimwomba Bawabu amsamehe huyo, hamzuii mtu, hamdhuru mtu, huruka pembeni tu. Bawabu akamwambia sheria haiulizi anarukia wapi, inauliza kama anaitika.

"Bawabu, huyo ni wangu," alisema Kidawa.

Neno hilo lilimchoma Mwalami mpaka akafumba macho. Alipoyafumbua, kulia kwa mkewe hapakuwa na kitu. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na kuanguka. Palikuwa na rubani na sasa pana hewa. Ndege ya Kidawa ikayumba, ikazunguka mahali pale, ikazunguka tena kama kuku anayetafuta kifaranga, kisha ikashuka na kutoweka kwenye kioo. Mwalami alijua amevua hedfoni.

Akainuka kwenda kumkabili, kifua mbele. Ukumbi kutoka chumba chake mpaka stoo ulikuwa umerefuka. Alipita milango asiyoikumbuka, rangi za kuta zilizobadilishwa pasipo yeye kuulizwa, cherehani iliyochakaa ambayo hakujua kama iliwahi kununuliwa. Ukutani palikuwa na kivuli cha mahali palipotundikwa picha ikaondolewa. Alipofika alikuwa amechoka, na kile kifua kilikuwa kimerudi ndani. Kidawa alikuwa ameketi, mikono mapajani, akitazama kioo kilichozimika. Naye alikuwa na mvi, nyingi kuliko zake.

"Mimi ndiye niliyemshitaki," alisema Mwalami.

"Najua," alisema Kidawa. "Nani mwingine angeingia bila hodi?"

"Ni nani yule?"

Kidawa aligeuka. "Hukumtambua?"

Mwalami akajitetea kwamba kule wote walikuwa na umbo la ndege yake, fundi alishamweleza sababu. Kidawa akamwambia kwamba hayo ni macho ya mtambo wake yeye. Kwenye mtambo wa stoo kila mtu alionekana alivyo; wa manjano wa manjano, wa kijani wa kijani, na mwenye ndege ya samawati yenye mchubuko mkiani alikuwa mmoja tu.

Akamsimulia, bila kupandisha sauti. Mtambo huhifadhi rekodi ya kila safari, mkono ulivyokwenda na bawa lilivyoinama, ingawa sauti haiihifadhi. Mwalami alipoanza kufunga mlango, alitoa rekodi zote za zamani ili apate nafasi, akasema zitupwe. Kidawa hakuzitupa. Zilikuwa safari zao za fungate, yeye akiwa amekaa nusu ya kiti. Alipokataliwa kuunganishwa, alivuta waya wake mwenyewe, akazipandisha rekodi zile kwenye seva, na zikaanza kuruka kule kama zilivyoruka siku zile. Yeye akawa anazifuata kwa ndege yake. Ile kona ya mto, Mwalami alikuwa akiizunguka ili bibi harusi wake awaone viboko.

"Nilijua hanisubiri mimi," alisema Kidawa. "Lakini nilikuwa nafika nikimkuta bado yupo."

Mwalami alitafuta pa kushika, akashika gunia la mchele. Aliuliza nafasi ya kufanya yote hayo aliipata wapi, na yeye alikuwapo nyumbani wakati wote.

"Kila ulipobonyeza kitufe," alisema Kidawa. "Ulidhani unatusimamisha sisi. Ulikuwa unasimama wewe. Naongea na mtu, mara katulia, macho hayapepesi. Mwanzoni nililia, nikadhani umekufa. Baadaye nikazoea. Nilipika, nilifua, nilikwenda misibani, nilimzika mama yangu. Nikiona unakaribia kuamka naipasha chai, nasimama pale mlangoni namalizia sentensi. Ile siku nilisahau chai."

Hapo Mwalami alisema jambo aliloliweka miaka yote. Alisema alikuwa akimjengea mlima. Uko pale uwandani, una msitu na theluji, una jina lake, na leo amepita ndani yake. Alisema haukuwa tayari, ndiyo maana. Akamalizia kwa kuonyesha kwa mikono jinsi ulivyo mkubwa, na katika stoo ile mikono yake iligonga ndoo.

Uso wa Kidawa ulilainika kidogo, na Mwalami aliona kwamba amechelewa, kwa kuwa aliona jinsi ungelainika zamani.

"Ungeniita ukiwa bado kichuguu," alisema Kidawa.

Mwalami akamwambia hajapoteza kitu. Yule alikuwa yeye, na yeye ndiye huyu hapa, amesimama, anaongea, ana sauti hata. Kidawa alichukua hedfoni zake, akazifuta vumbi lisilokuwapo.

"Nenda kwenye kiti chako," alisema. "Ukifika, piga hodi."

Alikwenda. Magoti yalilia njia nzima. Alikaa, akashika usukani, akaondoa pindo la shati kwenye kipaza sauti. Akapiga hodi, akataja jina lake, na kwa kuwa aliona jina halitoshi akasema alikuwa na wivu. Watu wakamwitikia karibu, mwanamke wa kuulizia njia, vijana wale wabishi, mzee wa kikohozi, na katikati yao karibu ya Kidawa, isiyozidi ya wengine. Akaruka mpaka juu ya uwanda. Akajisogeza kulia kwake, pale palipokuwa na hewa. Kidawa hakusogea wala hakukaribia. Wakaruka hivyo kwa kitambo, jua likishuka, wala hapakuwa na wa kulizuia. Ndipo Mwalami akakusanya moyo wake, akainamisha bawa la kulia, kisha la kushoto, akasubiri kicheko.

"Sivyo," alisema Kidawa redioni, taratibu, pasipo hasira. "Yeye alikuwa anaanza na la kushoto."

Mwalami alijua vizuri kabisa yeye huyo ni nani. Wivu ulimpanda vile vile, mpaka masikio yakawaka, na akainamisha bawa la kushoto.